Mkia wa Pikapu ya Mama Furaha

Vijana wenzangu wa gereji,

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na redio, mkanilisha pilau, kisha mkaniomba niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia wakati wa chai. Nilifurahi mpaka nilipomsikia mmoja wenu akinong'ona kwamba yakiandikwa huenda yakawa mafupi. Nimeyaandika kwenye meza ya kulia hapa nyumbani Tunduma, na kila jirani aliyepita ameniuliza kama nina kesi mahakamani.

Habari za vyeo nimeziacha. Vyeo vyangu vyote vilinipunguzia muda wa kulala chini ya magari, na chini ya gari ndiko nilikokuwa na akili zaidi. Nitaandika habari za mkia, yaani kile chuma kinachofungwa nyuma ya gari dogo ili livute tela. Wengine huita ndoano. Mzee Shabani aliita mkia, nasi wanafunzi wake tukafuata, kwa hiyo mteja mgeni akisikia "mkia wako umelegea" asikasirike, aelezwe.

Nilitoka Ndalambo, kwa wakulima wa mahindi na ulezi, nikiwa nimemaliza darasa la saba na sijawahi kugusa spana. Mjomba wangu alikuwa mlinzi wa yadi ya malori karibu na mpaka, akanipeleka kwa fundi mkuu. Huyo ndiye Mzee Shabani. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, amevaa kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe zamani. Alikuja na malori akiwa kijana, lori likaharibika hapa, akabaki kulitengeneza, na tangu hapo hakuondoka. Kiswahili changu cha Kinamwanga kilimkera. Alikuwa akinisahihisha sentensi kama anavyokaza nati, anarudia mpaka inyooke.

Siku ya kwanza alinikabidhi kamba iliyofungwa kwenye tela kubwa lililojaa saruji.

"Hili halina breki," akasema. "Sisi tunakwenda kunywa chai. Likianza kuondoka, livute."

Nikaishika kamba. Madereva waliokuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, walinipita wakinisalimia, "Mulishani," nami nikawaitikia kwa kichwa ili mikono isilegee. Wabadilisha fedha walisimama kunitazama. Mama mmoja wa maandazi aliniuliza kama tela ni la kwetu. Mafundi walirudi wakiwa wameshiba, wakaniona bado nimeng'ang'ania, miguu nimeikita ardhini, jasho linanitoka, na tela limetulia kama kanisa siku ya Jumatatu.

Wenzake walicheka. Mzee Shabani hakucheka.

"Limevuta?"

"Hapana, Mzee."

"Lingevuta, ungefanya nini?"

"Ningeliachia."

"Vizuri," akasema. "Wewe si mjinga wa kufa. Ni mjinga wa kufundishika. Kesho njoo mapema."

Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya ajira.

Miaka ya mwanzo nilipaka grisi. Baadaye nikaruhusiwa kushika taa, halafu spana, halafu nikapewa nyundo ndogo. Mzee Shabani alikagua bolti kwa kuzigonga, na alitaka nisikie tofauti. Bolti iliyokaza hulia kama kengele. Iliyolegea hulia kama sufuria lenye ugali ndani. Nilikaa muda mrefu nikisikia ugali kila mahali, hasa ikikaribia saa ya kula.

Magari madogo yalipoanza kuwa mengi mjini, watu wakaanza kuleta pikapu zao tuzifunge mikia. Mzee Shabani alikuwa na maneno makali juu ya mikia iliyochomelewa kwenye bampa. "Bampa ni pambo," alikuwa akisema. "Mwanamke unamvuta kwa hereni?" Kwake mkia ulifungwa kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, kwa bolti mpya zenye alama ya ugumu kichwani, na gari lilirudishwa baada ya safari ya kwanza ili kila nati ikazwe upya, kwa sababu chuma kipya kikishaonja mzigo hujikalia vizuri zaidi, na kikijikalia huacha nafasi. Mteja asiyetaka kurudi, hakumfungia.

Wakati huo nilikuwa nimeoa, na nikawa nimefiwa. Mama wa wanangu aliugua, tukahangaika naye mpaka Mbeya, akatuacha. Sitaandika zaidi. Nitasema tu kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa mgane anayekula kwa mama ntilie na kufua siku za Jumapili, na kazini nilisifiwa kwa kuwahi, wakati ukweli ni kwamba nyumbani hapakuwa na cha kunichelewesha.

Ndipo akaja Mama Furaha.

Alikuja asubuhi akiendesha pikapu nyeupe yenye bampa iliyochanika kama karatasi. Akashuka, mwanamke mrefu wa Kinyiha, kitenge kimefungwa juu kidogo, akauliza fundi wa mikia ni nani. Wenzangu wakaninyooshea vidole kwa haraka, maana sauti yake haikuwa ya mtu aliyekuja kusifu.

Alikuwa mjane. Alizaliwa milimani huko Mbozi, akaolewa Ivuna, bondeni kule karibu na ziwa Rukwa, na mumewe alipofariki alibaki na kazi waliyoianza pamoja: kununua chumvi kwa wachemshaji na kuileta Tunduma. Alinunua tela dogo ili apunguze safari. Fundi mmoja wa kando ya barabara, wala si wa mji huu, alimchomelea mkia kwenye bampa, akampaka rangi nyeusi nzuri. Siku hiyo hiyo, kwenye kona za kupanda kutoka bondeni, bampa ilichomoka. Tela lilirudi nyuma na kutumbukia korongoni. Juu ya magunia alikuwa amekaa shemeji yake. Aliruka, akavunjika mguu.

"Angechelewa kidogo tungekuwa tumemzika," akasema. "Tela tumelivuta, limenyooshwa. Sasa nataka mkia."

"Tutakufungia vizuri, mama," nikamwambia. "Uache gari, kesho utalikuta tayari."

"Hujanielewa, fundi. Nitafunga mwenyewe. Wewe utanionyesha."

Nikamweleza kwamba wateja hawaruhusiwi kuingia chini ya magari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Yule naye aliniambia atanifungia vizuri," akasema. "Mkia ulipong'oka hakuwepo. Mlimani niko mimi. Kwa hiyo kilichoko nyuma yangu nataka nikijue nati kwa nati."

Mafundi waliacha kugonga. Mzee Shabani akatoka kwenye kivuli cha lori alikokuwa amekaa, akamtazama juu mpaka chini.

"Binti, spana unajua kuishika?"

"Najua kushika jembe, mwiko na usukani, Mzee. Spana ina ncha ngapi zaidi ya hivyo?"

Mzee Shabani akanigeukia. "Mpe boksi alalie," akasema, akarudi kivulini. Baadaye nilimwona mabega yake yakitikisika.

Basi tukaanza. Akafungua kitenge, ndani alikuwa amevaa suruali ya mazoezi ya binti yake Furaha, aliyekuwa sekondari wakati huo, akatandika boksi akalala chali. Nami nikalala upande wa pili. Naandika hatua zote hapa kwa sababu baadhi yenu bado mnaruka.

Kabla hajaingia chini nilimwonyesha kwamba jeki ni ya kuinulia gari na si ya kulishikilia. Gari likishainuka linawekewa stendi za chuma pande zote mbili, na magurudumu ya mbele yanazuiwa kwa mawe. Akatikisa gari kwa bega kabla ya kulala. Sikuwa nimemfundisha hilo.

Tukatoa tairi la akiba linaloning'inia chini ya bodi. Tukasugua chesisi kwa brashi ya waya mpaka matundu ya kiwandani yakaonekana. Mkia tuliochagua ulikuwa wa pikapu ya aina ile, nao ulikuwa mzito, kwa hiyo tukauinua kwa jeki ndogo mpaka ukakaa mahali pake. Matundu ya mbele yalikutana, ya nyuma hayakukutana.

"Usukume kidogo," nikasema.

"Chuma hakisukumwi kidogo, fundi. Ama kimekaa ama hakijakaa."

Nilitaka kumjibu, nikakumbuka hayo ni maneno yangu kwa vijana.

Tukatoboa upya. Nilimwambia achungulie ndani ya chesisi kabla ya kuwasha drili, maana bomba la breki hupita humo, na liko fundi aliyewahi kulitoboa akashangaa gari linakataa kusimama. Akachungulia, akaingiza kidole, akafuata bomba mpaka alipoliona linapoishia. Alianza kwa tundu dogo, akafuata kubwa. Vumbi la chuma likamwangukia usoni, na miwani ya kinga niliyompa ilikuwa ya Mzee Shabani, imechubuka kiasi kwamba aliniuliza kama ni jioni. Alipomaliza alipaka rangi ya kuzuia kutu ndani ya kila tundu, mara mbili.

"Mara moja inatosha," nikasema.

"Wewe unaishi Tunduma. Mimi naishi kwenye chumvi. Ivuna hata msumari wa mlangoni unalia."

Alinishinda, na tangu siku hiyo magari ya bondeni niliyapaka mara mbili.

Bolti, washa, kile kisahani chenye tundu, kisha nati. Tulizikaza kwa kupokezana, ya kushoto kidogo, ya kulia kidogo, ili mkia usiende upande. Kisha minyororo ya usalama. Nikamweleza kwamba minyororo miwili hupishana chini ya mdomo wa tela, kile kikombe kinachoukamata mpira wa chuma wa mkia, wa kushoto kwenda kulia na wa kulia kwenda kushoto, ili tela likichomoka pua yake iangukie juu ya minyororo kama mtoto kwenye mbeleko, isichimbe barabara. Alinitaka nirudie hilo. Akaifunga mwenyewe, akaifungua, akaifunga tena.

Nyaya za taa za tela nilimwachia fundi wa umeme, na Mama Furaha alimsimamia mpaka yule bwana akaomba ahamishiwe kazi nyingine.

Mwishoni Mzee Shabani akaja na nyundo yake. Akainama kwa shida, magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, akagonga kila bolti. Akasimama.

"Moja inalia vibaya," akasema.

"Ipi?" nikauliza.

"Sikukuuliza wewe." Akampa Mama Furaha nyundo, akaenda kuswali.

Mama Furaha aligonga. Akagonga tena. Nilikuwa naijua, nilikuwa nimeisikia, na kunyamaza kulinitesa. Alifumba macho, akawa anagonga kama anayebisha hodi nyumba ya ukweni. Mwishowe akashika moja ya nyuma. Akaifungua, akakuta tope kavu limebanwa chini ya washa. Akaisafisha, akaikaza, ikalia kengele.

Mzee Shabani aliporudi alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Sasa mwende mkapakie," akasema.

"Tuende nani?" nikauliza.

"Yeye na wewe. Aliyefunga ataendesha, aliyefundisha atapanda. Mshona suruali asiyethubutu kuivaa mimi simwamini."

Nilikuwa nimefunga mikia mingi kwa miaka yote hiyo, na sikuwahi kupanda gari lenye hata mmoja kati ya hiyo likiwa na mzigo mlimani. Niliuona uamuzi ule kuwa si wa haki. Nilipanda.

Kushuka bondeni kulikwenda vizuri, isipokuwa alinitania njia nzima. Aliniuliza kama Wanamwanga wote hufumba macho kwenye kona au ni ukoo wetu tu. Nikamwambia naomba. Akasema basi nimwombee na dereva. Ivuna tulilala kwa shemeji yake, yule wa mguu, aliyetukaribisha kwa samaki na kukagua mkia kwa fimbo yake ya kutembelea. Asubuhi tukapakia chumvi. Niliwaambia wapakiaji mzigo mzito kidogo uwe mbele ya ekseli ya tela, kwa sababu tela lenye uzito nyuma hucheza mgongoni mwa gari kama mkia wa mbuzi. Mama Furaha alihamisha magunia mpaka pua ya tela ikakaa kwenye mpira wa mkia kwa uzito wake.

Tukaanza kupanda. Nyuma yetu ilikuja bodaboda iliyombeba mama mwenye mtoto mgongoni na furushi pajani. Dereva wake alitaka kutupita, lakini kona hazikumruhusu, akabaki karibu na tela, anameza vumbi letu.

Tulikuwa sehemu ile iliyopanda kuliko zote niliposikia mlio mmoja mfupi nyuma, kama mtu amevunja muwa kwa goti. Gari likashtuka. Mdomo wa tela ulikuwa umepasuka. Ulikuwa na ufa ndani kwa ndani, chini ya rangi, ambao hata nyundo ya Mzee Shabani haikuusikia, na jiwe la barabarani likaumalizia. Sasa kati ya shehena ile yote ya chumvi na yule mama mgongoni mwa bodaboda hapakuwa na kitu kingine isipokuwa minyororo miwili na nati za Mama Furaha.

Nilitazama nyuma. Pua ya tela ilikuwa imeangukia kwenye minyororo iliyopishana, inaning'inia, na kila tulipotikisika ilivuta. Yule bodaboda alifunga breki, pikipiki ikateleza, wote wakaangukia mtaroni. Nilimwona yule mama amekaa kwenye majani, mikono yote miwili ameipeleka mgongoni kumshika mtoto. Walikuwa chini yetu kabisa, mahali ambapo tela lingepita.

"Usisimame," nikasema. Kisha nikasema, "Simama." Nadhani nilisema na maneno mengine ya Kinamwanga.

Mama Furaha hakunisikiliza. Hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliliacha gari lijipunguze lenyewe kwenye gia nzito mpaka likakaribia kufa, ndipo akabana breki polepole, akavuta ya mkono.

"Shuka, fundi," akasema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Mawe."

Niliruka. Nikashika jiwe ambalo siku nyingine nisingeliinua, nikalitupa nyuma ya gurudumu la tela, nikaenda la pili. Alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Daudi," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita jina. "Toa mguu kwanza."

Nikautoa. Nikaliweka jiwe. Kisha nikaingia chini ya gari bila boksi, nikatazama. Minyororo ilikuwa imevutika kama kamba ya ngoma. Mkia ulikuwa pale pale. Hakuna nati iliyosogea, rangi yake aliyoipaka mara mbili haikuwa na hata mkwaruzo. Nikabaki nimelala pale kifudifudi, nikashindwa kutoka. Si kwamba nilikuwa nakagua. Nilikuwa nazihesabu tu, nati zile zile, mara ya pili na ya tatu.

Mama Furaha alikuwa ameshakwenda kwa yule mama. Mtoto alikuwa analia kwa sauti nzuri, ya mtoto mzima. Mama yake alikuwa amechubuka kiwiko. Alilitazama tela, akautazama mtaro alikokaa, akawa anasema, "Lingetupitia. Dada, lingetupitia." Mama Furaha akamshika begani akamwambia halikupita.

Tulishusha magunia, tukalitoa tela minyororoni likiwa limezuiwa kwa mawe pande zote. Mama Furaha akampakia yule mama na mtoto kwenye pikapu awapeleke zahanati ya Ndalambo, na huko atafute mdomo mwingine wa tela.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe linda chumvi."

Nikakaa juu ya magunia na yule bodaboda. Wapita njia walitusalimia na kuulizia bei. Kijana alikuwa na maneno mengi, anaeleza jinsi alivyoikwepa hatari kwa ufundi, mimi najibu "ehe, ehe," kisha nikajigundua kwamba simsikilizi, wala siifikirii chumvi. Nilikuwa natega sikio. Kila gari lililounguruma huko juu nilikuwa nasikiliza kama ni ile pikapu. Nilikuwa nimesikiliza bolti maisha yangu yote, na sikumbuki kama kuna mlio niliousubiri namna ile.

Alirudi jua likiwa bado juu, na mdomo wa tela aliouazima kwa mkulima wa Ndalambo mwenye trekta, na chupa ya chai, na habari kwamba mtoto hana hata mkwaruzo. Tuliufunga pamoja. Hakuna aliyemwelekeza mwenzake.

Tulipofika Tunduma, Mzee Shabani alikuwa anatungoja getini, ingawa alidai alitoka kununua karanga. Akasikiliza habari yote.

"Mkia?" akaniuliza.

"Haukusogea."

Akamgeukia Mama Furaha. "Binti, gari hili litarudi kukazwa nati. Safari ya kwanza imekwisha."

"Nitazikaza mwenyewe, Mzee."

"Nimesema litarudi. Sikusema nani atazikaza."

Lilirudi. Likawa linarudi mara kwa mara. Wenye pikapu wa bondeni walianza kumwomba awafungie, naye akawa anakuja kwetu kuchagua vyuma, kuulizia bolti, kubishana nami kuhusu rangi. Mafundi wenzangu waligundua kabla yangu kwamba siku anazokuja ninanawa mikono kwa sabuni ya kuogea badala ya mafuta ya taa. Mzee Shabani aligundua kabla yao.

Siku moja aliniita. "Utakaa hivi mpaka lini?" akaniuliza.

"Hivi vipi?"

"Kama tela halina gari."

Nikamwambia mimi ni mtu mzima, nina watoto wakubwa, sijui nianzie wapi. Akavaa kanzu, akapanda basi la kwenda bondeni, yeye na magoti yake, akaenda kuwa mshenga. Mwislamu wa Tanga anamposea Mnamwanga wa kanisani mjane wa Kinyiha kwa wakwe zake wa Ivuna. Shemeji yule wa mguu alimuuliza muoaji ana sifa gani. Mzee Shabani akajibu kwamba huwahi kazini na huondoa mguu akiambiwa.

Mama Furaha alichukua muda wake. Alinipa jibu gereji, akiwa chini ya gari, mimi nimeshika taa.

"Chumvi siachi," akasema.

"Malori siachi," nikasema.

"Basi tutakuwa tunakutana njiani."

Ndivyo tulivyooana na ndivyo tulivyoishi, mimi Tunduma, yeye Ivuna, na barabara ile katikati. Siku ya harusi mchungaji alihubiri vizuri juu ya kufungwa nira moja. Alipomaliza, Mzee Shabani akasema kwa sauti kutoka kiti cha nyuma kwamba wakaguliwe tena baada ya safari ya kwanza. Mchungaji mwenyewe alifunika uso kwa Biblia.

Mzee Shabani alirudi kwao alipozeeka, na huko Tanga ndiko alikozikwa. Tulikwenda sote wawili. Ndugu zake walituuliza sisi ni nani kwake, mimi nikasema ni mwanafunzi wake. Mke wangu akasema, "Na mimi pia." Walitutazama, wakatupa nafasi ya kukaa karibu.

Sasa nami nimestaafu, na zamu yangu ya kuhamia Ivuna imefika. Hati ya nyumba hii nimewaachia wanangu. Vitu vyangu viko nje, juu ya tela: kitanda, blanketi lenu, redio yenu, sanduku la spana ambalo mke wangu anasema Ivuna litapata kutu na mimi nasema tutaona. Amepakia mwenyewe tangu asubuhi na kufunga turubai. Nilipoinuka mezani sasa hivi amenisikia.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia nati."

"Umestaafu, fundi."

"Masikio hayajastaafu."

"Haya, kaangalie," amesema. "Lakini mikono mfukoni."

Kwa hiyo naishia hapa. Naenda kuzunguka gari.